Safari ya Kumtafutia Mzee Kombo Njia ya Kutoka Kisiwani

Mmeniuliza sana. Kila nikiinua kichwa pale mapokezi, mmoja wenu ameegemea meza: "Mwanamisi, ni kweli umeizunguka Kwale nzima kwa ajili ya mtu wa kwenye kompyuta?" Nikimweleza huyu, wa pili anakuja na hadithi iliyokwisha kutiwa chumvi. Basi naandika mara moja tu, msome wote, kisha mniache nifanye kazi. Habari za kuomba ruhusa nazipita, hazina utamu.

Ni kweli, nilikwenda. Na nikiambiwa niende tena kesho, nitajifunga leso niende.

Kwa wasiomjua mtu mwenyewe: hoteli ilipoleta kompyuta mpya, mimi nilipewa ile kuukuu, nikaipeleka nyumbani. Mutua, yule Mkamba aliyekuwa stoo, akanitilia ndani gemu za maharamia alizoachiwa na mgeni. Ziko tatu, moja inafuata nyingine, na katika zote yumo mzee mmoja aliyevunjikiwa na meli. Ndevu zimemfika kitovuni, suruali imebaki nusu, na mazungumzo yake ni na kaa. Katika gemu ya kwanza anaokolewa. Katika ya pili, meli iliyomwokoa imezama, naye yuko kisiwa kingine. Katika ya tatu, ebo! Kisiwa kingine tena, na safari hii hataki kuondoka. Baba yangu alimwita Mzee Kombo, maana lile jina la kizungu lilimchosha ulimi.

Baba alikuwa baharia wa meli za mizigo. Tangu kustaafu hakuwa mtu wa maneno, na Mama alipofariki hata yale machache yakapungua. Halafu yakaja macho. Daktari alisema ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha kuzima, na la kulia lilikuwa kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuziba. Dawa alizopewa zilikuwa za kuchelewesha, si za kurudisha.

Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja akaketi mbele ya kioo cha kompyuta, pua karibu iguse, mimi nikisoma Kiingereza cha mle ndani na kumfasiria. Na alizungumza, wallahi! Alibishana na Mzee Kombo, akamcheka, akamfundisha kufunga tanga. Mimi nilikuwa nikikawiza kusoma kusudi, nipate kumsikia.

Shida ni kwamba tulikwama katika hiyo ya tatu. Kijana tunayemchezesha ana mashua isiyo na kasia. Kasia analo Mzee Kombo, ameliegemea mchana kutwa. Tukamwomba kwa heshima. Tukampa samaki, ndizi, kofia, hata kioo cha kujitazama. Akipokea anashukuru, kisha anaanza hadithi ya meli yake, na hadithi ikisha tunarudi mwanzo. Mara moja mkono wangu uliteleza ukafinya kidude cha kompyuta juu ya lile kasia, na Baba akanishika bega: "Ushamwomba?" Nikaondoa mkono. Tukakaa hivyo miezi.

Siku moja Baba akauliza, "Yule kaa kaenda wapi?" Kaa alikuwa mbele ya pua yake. Sikujibu. Akasema, "Mtu haachwi kisiwani, Mwanamisi. Na ningependa nimwone akiondoka. Sitaki kuja kusimuliwa."

Basi. Niliyemjua kuwa ameimaliza gemu ile ni Mutua peke yake, naye alikuwa ameacha kazi akarudi shambani kwake, huko kwenye skimu ya makazi nyuma ya msitu wa Shimba. Simu kule hakuna. Nikafunga kifurushi.

Kinondo hadi Matuga

Nilipata nafasi mbele katika lori la hoteli linalokwenda kufuata mboga. Nikajipongeza: kabla ya adhuhuri nitakuwa Kwale mjini, jioni kwa Mutua. Ama kweli mipango si matumizi.

Dereva wetu ni mtu wa watu. Ukunda alishuka kumjulia hali mkwewe. Mbele kidogo alishuka kumpa mkono mtu aliyejengewa choo kipya. Tulipofika Ng'ombeni tukakuta turubai na viti, watu wamevaa kanzu, akazima gari kabisa. "Hitima," akasema. "Siwezi kupita hivi hivi, watanionaje?" Nikamwambia mimi simjui marehemu. "Hata mimi simjui vizuri," akajibu, "lakini yeye sasa anatujua sote."

Nikaingia upande wa wanawake, nikatoa pole, nikaketi mkekani. Nikaitikia dua, nikaletewa sinia. Mungu amrehemu marehemu na amsamehe dhambi zake, pilau lilikuwa zuri sana. Mama mmoja akaniuliza mimi ni wa upande gani wa ukoo. Mdomo umejaa, nikaonyesha kwa mkono upande wa kusini. Akaridhika, akaniongezea nyama.

Matuga tulifika jua limeshapinda. Lori lilikuwa linarudi, nami nikabaki barabarani na kifurushi changu, nimeshiba na nimechelewa.

Kwale, na wenye msitu wao

Pikapu ya mabati ndiyo iliyonipandisha Kwale, nikalala kwa rafiki yangu mmoja wa skuli. Asubuhi nikapata gari la kuvuka msitu. Tulikuwa abiria wachache, na mzee mmoja wa upande wa Kinango mwenye mbuzi wake watatu, anapeleka mahari.

Katikati ya msitu dereva akapunguza mwendo, akasimama, akazima. Mbele yetu ndovu walikuwa wameishika barabara. Hawakuwa wakivuka. Walisimama tu, wanajipepea masikio, mama na mtoto na mashangazi.

"Piga honi," nikanong'ona.

"Piga wewe ukiwa umeshuka," dereva akanijibu.

Tukangoja. Mbuzi mmoja akaanza kulia, na ndovu mkubwa akageuka kututazama. Mzee wa Kinango akamfumba mbuzi mdomo kwa kofia yake, huku anamsihi kwa sauti ya chini, "Bwana harusi, nyamaza, utatuulia watu." Nilicheka kwa hofu hadi machozi yakanitoka. Nilitoa mahamri yangu tukagawana, mkono mmoja kinywani na mwingine umeshika mlango. Walipoamua wenyewe kwenda, walikwenda, na hapana aliyewaharakisha.

Nyumbani kwa Mama Mwende

Mke wa Mutua anaitwa Mama Mwende. Nilimkuta anaanika mahindi. Nilikuwa nimechoka na nina kiu, na maneno yakanitoka kabla sijayapanga.

"Hodi, mama. Namtafuta Mutua. Kuna mzee amekwama kisiwani, na Mutua ndiye anayejua namna ya kumtoa."

Akaacha mahindi. "Ngai! Ako peke yake?"

"Yuko na kaa."

"Na anakula nini?"

"Nazi. Na samaki tunaompa."

"Tangu lini?"

"Miezi sasa. Lakini, mama, usihangaike, ni wa kwenye kompyuta."

"Hata kwenye kompyuta imetangazwa!" Akashika kichwa kwa mikono yote miwili, na hapo nikajua mambo yameharibika. Nilifungua mdomo kumweleza, lakini alikuwa ameshavuka ua anaita majirani. Mutua mwenyewe, nikaja kuambiwa na watoto, hakuwapo. Alikuwa ameitwa Shimoni kutengeneza mashine ya barafu ya wavuvi.

Kabla sijamaliza maji niliyopewa, wanawake wa kanisa lao walikuwa wamejaa uani. Nikajaribu tena. "Mama zangu, ni picha tu, ni mchezo..." Mmoja akanipapasa mgongo. "Pole, dada. Najua imekuchanganya." Wakasimama duara, wakamwombea Mzee Kombo kwa jina lake, kwa Kikamba na kwa Kiswahili: Mungu amlinde na papa, amlinde na upweke, ampe mtu wa kumfikia. Mama mmoja alilia machozi ya kweli. Mimi na buibui langu nikainamisha kichwa katikati yao, nikasema amina. Dua ni dua. Na niseme ukweli wangu, waliposema "usimwache aingie giza peke yake", sikuwa nikimfikiria Mzee Kombo hata kidogo. Nililia nami.

Tukala muthokoi, mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, kisha yakachemshwa na maharagwe. Nazi hamna hata tone! Bakuli la kwanza nililila kwa adabu, la pili kwa kupenda. Asubuhi walinipa zawadi za kumpelekea mzee wa kisiwani: viazi vitamu mfuko mzima na sweta nene la sufu, maana baharini usiku kuna baridi. Nilikataa, nikaapa, nikaeleza upya tangu mwanzo. Mama Mwende akanifunga sweta kiunoni kwa nguvu. "Utampa," akasema.

Kushukia Msambweni juu ya machungwa

Lori la machungwa ndilo lililokuwa linashuka, na nafasi ilikuwa juu ya machungwa yenyewe. Msidhani ni laini. Kila likiingia shimo, nami nazama kidogo, kufika nusu ya njia nimezikwa hadi magotini. Mvua ilikuwa imenyesha na mto mmoja mdogo umeila njia. Tukashuka, tukakata matawi, tukayatandika, tukasukuma. Lori likatoka kwa kishindo, likatumwagia matope sote tuliokuwa nyuma. Utingo akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Dada, na wewe ni mtu wa hoteli?" Nikamwambia hoteli yenyewe ingeniona sasa ingenikana.

Msambweni nililala kwa shangazi, dada yake Baba. Alinipokea na ndoo ya maji kabla ya salamu. Nilipokwisha kuoga akaniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nazi ile niliila kama niliyekuwa mfungwa. Nikamwambia safari yangu yote.

"Baba yako amepungukiwa na macho," akasema, "na wewe umepungukiwa na akili. Watu wawili nyumba moja, hata mmoja hakukamilika!" Lakini asubuhi niliamka nikakuta ameshanifungia chakula cha njiani, na kifurushi kingine cha Baba, bado cha moto. Akaniuliza polepole, "Kwani hakika haoni tena?" Nikamwambia anaona kidogo. "Basi fanya haraka," akasema, akarudi jikoni.

Shimoni

Lile lori la machungwa lilikuwa limenitangulia Shimoni, na utingo, aliyesikia kwa akina Mama Mwende habari za mzee wangu, ana mdomo. Nilipofika gatini nikakuta wanaume wamenisubiri.

"Ndiye wewe mwenye mzee aliyekwama?" akauliza nahodha mmoja. "Yuko kisiwa cha Kisite au cha Mpunguti? Mashua iko tayari, tuambie tu."

Jamani! Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nikasema kwa sauti, watu wote wasikie, kwamba mzee ni picha, yumo kwenye kompyuta, kompyuta iko Kinondo, na mimi si mwendawazimu. Yule nahodha akakuna kichwa, akasema, "Sasa picha imekwamaje?" na gati zima likaangua kicheko. Wakanikalisha, wakaniletea kahawa chungu na pweza wa kuchoma, na nilipokuwa nakula kila mmoja akatoa shauri lake la namna ya kulipata lile kasia. Mmoja akasema mpeni tumbaku. Wa pili akasema mwozesheni. Hakuna hata mmoja aliyetoa shauri nje ya kumpa na kumbembeleza, nanyi mtaona kwa nini nalitaja.

Mutua nilimkuta nusu ya mwili wake imo ndani ya mashine ya barafu. Akachomoa kichwa, mafuta usoni. "Mwanamisi! Umekuja huku kufanya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Ngoja," akasema. "Mmekwama kwa huyo mzee wa ndevu? Miezi yote? Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunamwomba."

"Mnamwomba! Na akikataa?"

"Tunamwomba tena."

Mutua akaketi chini kwenye maji ya barafu, akacheka hadi akashika mbavu. "Nyinyi watu wa pwani mtaniua! Si umwibie tu? Akianza ile hadithi yake anafunga macho. Chukua kasia, uhepe nayo. Mimi hapo sikukaa hata dakika tano."

Nilikasirika, siwafichi. Nikamwambia sisi kwetu mtu hamnyang'anyi mzee fimbo aliyoiegemea, labda kwao. Hakuudhika. Akajifuta mikono, akasema kwa upole kuliko nilivyostahili, "Sikia, dada. Hiyo ndiyo inamwokoa. Hatakubali kutoka, hata umwombe mpaka mwisho wa dunia. Lakini kasia yake ikienda, ataifuata. Atakutusi, atakimbia, ataingia kwa mashua na miguu yake."

Nilikumbuka ule mkono wangu ulioteleza, na Baba akinishika bega. Tulikuwa tumeligusa jibu, tukaliomba radhi.

Kurudi Kinondo

Njia ya kurudi haina kisa. Nilipata gari la samaki, nikanuka hivyo.

Baba alikuwa barazani. Nikampa kifurushi cha shangazi na viazi, nikamvisha sweta, nikamweleza dua ya akina mama, akasema, "Allah awalipe." Kisha nikamwambia alilosema Mutua.

"Kuiba?" akauliza.

"Ndiyo, Baba. Ndivyo anavyotoka."

"Ukimnyang'anya mzee kitu chake mbele yangu, Mwanamisi, basi nimekulea bure."

"Baba, ni picha!"

"Picha ya nani? Ya mtoto?"

Nilitamani kulia. Ndovu, matope, aibu ya gatini, yote ile, na sasa tutakaa pale pale hadi taa izime! Nikamwambia kwa ukali, jambo ambalo sijawahi kumfanyia: "Basi hutamwona akiondoka. Utasimuliwa." Akainuka, akachukua bakora yake, akaenda msikitini kuswali alasiri. Nikabaki najuta.

Aliporudi hakuketi barazani. Alikuja moja kwa moja kwenye kompyuta, na sweta lake. "Nipishe," akasema. "Wewe kwake ni mtoto, huna ruhusa. Mimi ninayo."

"Ruhusa ya nani?"

"Huyu ni binamu yangu. Mwana wa shangazi. Na binamu kwa binamu hakuna wizi, kuna utani. Atakuchukulia viatu mlangoni, nawe utamchukulia kofia, na atakayekasirika ndiye atakayechekwa."

"Tangu lini amekuwa binamu yako?"

"Tangu nilipotoa salamu ya sala. Baharia, mtu mzima, hana ndugu. Ulitaka awe wa nani?"

Nikampisha. Akashika kile kidude cha kufinyia. Nilitaka kumwongoza, akaupiga mkono wangu. Mzee Kombo akaanza hadithi ya meli yake, akafumba macho. Baba akafinya: akampata kaa. Akafinya tena: bahari. Akafinya mara nyingine, ndevu, na Mzee Kombo akasema kwa Kiingereza kuwa hizo hazing'oki. "Tulia, mwana wa shangazi," Baba akamnong'oneza. Alisogeza uso, akauinamisha upande, akautafuta ule mti mwembamba wa kasia kwa lile tundu dogo alilobakiwa nalo. Mimi nilikuwa nimeshika kiti chake kwa nyuma, sipumui.

Akafinya.

Kasia likatoka, na kijana wetu akakimbia nalo hadi mashuani. Mzee Kombo akafumbua macho, akaona mkono mtupu, akaruka! Matusi yaliyomtoka sikuyafasiri. Akakimbia ufukoni, suruali nusu, ndevu begani, kaa nyuma yake, akajitupa majini, akapanda mashuani, akalinyakua kasia lake. Kisha, huku bado anagomba, akaketi akaanza kupiga kasia mwenyewe.

"Ona!" Baba akapiga kelele. "Ona anavyovuta! Huyo anaijua kazi!" Alicheka, akapiga goti lake, akacheka tena, na uso wake uliifuata mashua kwenye kioo kuanzia kushoto hadi kulia, polepole, mpaka ikatoka. Akabaki ameugusisha uso pale ukingoni ilipopotelea. Kioo kilikuwa kimelowa.

Jicho la kulia lilizima kabla ya mfungo. Hakulalamika. Wageni wakija sasa, yeye ndiye msimulizi, na mimi natia chai. Katika usimulizi wake bahari imechafuka, kuna papa, kisiwa kina minazi hadi upeo wa macho. Mimi nilikuwapo. Minazi ilikuwa mitatu na maji yalikuwa shwari, lakini sisemi neno.

Jana alimfikisha Mzee Kombo nyumbani. Gemu haina kipande hicho, mashua ikitoka kiooni ndiyo mwisho. Lakini Baba akaileta hadi gatini, akaifunga kamba, akasema mkewe alikuwa amesimama pale anamngoja.

Nikauliza, birika mkononi, "Alikuwa amevaa nini, Baba?"

Akageuza uso upande wa sauti yangu. "Leso ya mama yako," akasema. "Ile aliyokuwa akinipokea nayo."